Kura Iliyorudi Nyumbani

Alhamisi saa tisa alasiri, fundi viatu alikuwa akipaka gundi soli ya kiatu cha mwalimu, kura yake ikabisha hodi. Aliipiga asubuhi ile ile pale shuleni, akabonyeza mashine mpya kwa kidole, mashine ikaandika ASANTE.

Kura ilikuwa na kimo cha jogoo, imevaa bahasha, viguu vumbi tupu.

"Mbona mapema?" fundi akauliza.

"Nimetolewa, baba. Mashine imesema nafasi yangu ina mtu."

Fundi akaweka brashi chini. Kura ile hakuipiga kwa mchezo. Mwaka juzi mkewe alifia zahanati umeme ukiwa umekatika, jenereta haina mafuta, na mafuta yenyewe yako kwenye gari la diwani. Diwani huyo huyo ndiye aliyekuwa anagombea tena. Fundi alimpigia mpinzani wake.

Akaibana kura kwapani, akarudi nayo shuleni. Njiani akakutana na jirani yake anaburuta kura tatu za nyumbani kwake, zinagombana.

"Na yako?" jirani akauliza.

"Na yangu. Imekuja na njaa."

Msimamizi wa kituo, kijana wa tai, akatazama kioo cha mashine. "Mzee, kura yako imo ndani. Imehesabiwa."

"Na hii?"

"Hiyo siijui."

"Fungua tuone."

"Haifunguliwi."

"Itoe karatasi, basi. Mimi nikishona kiatu, mteja anakivuta mbele yangu aone kama kimeshika."

"Karatasi haina. Lakini ukiiuliza tena itajibu vilevile. Ndiyo uhakiki wenyewe huo." Akaiinamia kura. "Haya, wewe ni ya nani?"

Kura ikajivuta bahasha hadi puani.

"Mtaje!" fundi akaisukuma mgongoni.

"Siwezi, baba. Mimi ni siri."

"Umeona?" msimamizi akafunga faili. "Hata yenyewe inajua sheria. Umeilea vizuri."

Njia nzima fundi aliifokea. "Mama yako angekuwepo angekuzaba kibao! Watu wanakufa, wewe unaleta adabu!" Kura ikalia kidogo, ikajifuta kamasi kwa bahasha.

Jioni redio ikatangaza kwamba diwani ameshinda kwa kura mia tisa. Kata nzima ina watu mia sita. Fundi akazima redio, akaitandikia kura yake gunia.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika zahanati, mke wa kinyozi yuko kwenye uchungu, na jenereta haina hata tone. Mkunga akatuma watu kukusanya kura zilizorudi majumbani. Zikaja kumi na mbili, zikazunguka kitanda zimeshika tochi.

"Juu kidogo, wewe wa bahasha iliyochanika!" mkunga alisikika akiamrisha.

Mtoto alizaliwa salama. Fundi alikuwa nje kwenye benchi, anaisubiri yake imalize. Kinyozi akamuuliza kama ndiyo ile iliyokataliwa na mashine.

"Ndiyo hiyo," fundi akasema. "Lakini ina mkono mtulivu."