Dirisha la Goti

Mzee Machibya wa Nkoma alikuwa mzee wa kanisa mkali kuliko mchungaji. Kijana akija kwaya na suruali iliyochanika magotini, alimtoa nje mbele ya watu. "Mhuni mkubwa wewe!"

Kisha goti lake likavimba. Mjukuu wake Joyness, tabibu mjini Bariadi, akamweleza kwa simu kwamba ndani ya goti lililovimba oksijeni hupungua, na upungufu huo huchochea vimeng'enya vinavyotafuna gegedu, ule mto laini kati ya mifupa.

"Kumbe linakosa hewa!" Akachukua mkasi, akakata dirisha kwenye suruali yake ya Jumapili. Akakata na la goti la pili, lisije nalo likaugua.

Jumapili kanisa zima liligeuka kumtazama. Vijana wa kwaya wakaficha nyuso nyuma ya vitabu vya nyimbo, mabega yakitikisika. Joyness, aliyekuja kumjulia hali, akamsogelea mbio.

"Babu, oksijeni inaletwa gotini na damu, siyo na upepo!"

Machibya akawatupia jicho wanakwaya.

"Funga mdomo," akamnong'oneza. "Kama huu si ugonjwa, basi mimi ni mhuni."