Mdeki Kwanza

Baba yetu aliacha bastola moja ya kale ya fataki, ya askari wa farasi, na neno moja: atakayempata pacha wake achukue zote mbili. Tangu mazishi, Gaspard na Anselme, kaka zangu, wakawa maadui. Waliisaka pacha hiyo katika kila mnada, kila dari la mjane, Saint-Étienne nzima.

Jumapili ile Gaspard aliibwaga bastola mezani, katikati ya soseji na jibini.

"Pacha huyu hapa. Namba zinafuatana. Odile, nishushie ya baba ukutani."

"Usiiguse," Anselme akaniambia. "Hiyo namba kaigonga mwenyewe. Tazama ilivyopinda, kama miguu yake."

Gaspard alimtwanga ngumi ya pua. Nilisikia mfupa ukivunjika kama ganda la jozi. Anselme akanyakua mdeki, ile fimbo ya chuma ya kushindilia risasi, akamchapa nao usoni, akamchapa tena, hadi shavu likafunguka. Chupa ilianguka, mvinyo ukamwagika, damu ikaufuata.

"Basi ijaribu, kaka mkubwa!" Anselme alihema. "Hata tundu lake la kupitishia moto limeziba. Mshumaa nitaushika mimi."

Kwetu ndivyo ilivyo: mwenye shaka hushika mshumaa mbele ya mtutu, mwenye bastola hulipua fataki tupu, kile kidonge cha kuwashia, bila baruti wala risasi, na pumzi ya mtutu ikizima mwali, hakuna tena ubishi. Lakini mdeki hutangulia. Lazima ushuke hadi chini kabisa, ndipo ujue hakuna baruti wala risasi ya mwenyewe wa zamani, marehemu, iliyolala mle.

"Mdeki kwanza," nikasema.

Mdeki ulikuwa bado ngumini mwa Anselme, unachuruzika damu ya Gaspard.

"Aniombe," alisema, akicheka kwa meno mekundu. "Aseme, 'Mdogo wangu, tafadhali.'"

"Bora nife."

Anselme akainua mshumaa kwa mkono wa pili, mbele ya mtutu. Gaspard akapachika fataki. Akavuta nyundo. Nilipiga kelele, na hakuna aliyegeuka.

Mlio ulipasua vioo vya kabati. Risasi ilitoboa kiganja kilichoshika mshumaa, ikaingia shingoni. Anselme alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Damu ilikuwa inaruka. Niliiziba kwa vidole, kwa aproni, kwa kitambaa cha meza, hadi ikaacha kuruka yenyewe.

Gaspard alipiga magoti. Akabandua vidole vya mdogo wake kwenye mdeki, kimoja kimoja, akautia katika mtutu uliokuwa bado unafuka moshi.

Ulishuka hadi chini.