Usingizi wa Clément

Wivine aliwaamini watu wawili tu katika dunia hii, mama yake mzazi na padri aliyemfundisha katekisimu, na wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Waliobaki aliwakagua kwanza. Kwa hiyo mumewe Clément alipoanza kulala fofofo hadi asubuhi bila hata kugeuka ubavu, machale yakamcheza.

Mtu mwenye lori hapati usingizi. Hilo Wivine alilijua kwa miaka minne, tangu alipokubali kuuza kiwanja cha mtaa wa Annexe alichoachiwa na baba yake, kitu pekee ambacho mzee alikipata baada ya kutumika relini maisha yake yote, ili wanunue lile lori. Clément aliliendesha mwenyewe, Lubumbashi hadi Sakania, akipeleka sabuni na vitu vya dukani na kurudi na unga wa mahindi. Dereva wa kuajiri hakumtaka, alisema ni sawa na kumpa mgeni mfuko wako akutunzie. Tone moja la mvua likianguka juu ya bati, yuko nje anatazama turubai. Mbwa akibweka, yuko nje. Mezani mazungumzo yalikuwa matairi, gia na polisi wa barabarani, hadi ugali wa bukari unapoa. Wivine hakumwonea huruma. Kila mwezi alimuuliza swali lilelile, faida iko wapi, na kila mwezi faida ilikuwa imeliwa na kitu kingine chenye jina la Kifaransa.

Basi kuanzia mwezi wa pili mwaka huu mambo yakageuka. Pesa zikaanza kuingia nyumbani kila mwisho wa mwezi, bila kupungua. Karo ya binti yao Syntiche ikalipwa kabla mwalimu hajamtoa darasani. Wivine akawaambia dada zake kwamba lori limeanza kulipa, na kwamba Clément, tofauti na waume wengine ambao hakuwataja majina, anajua kazi. Alifurahi kweli. Lakini Wivine alikuwa na uwezo wa kufurahi kwa jicho moja huku la pili likichunguza.

Na la kuchunguza lilikuwepo. Clément alikuwa amenunua mashati mawili mapya. Alianza kurudi nyumbani kwa miguu, bila lori. Halafu simu. Ikilia, Clément hutoka nje, na kutoka dirishani Wivine alimsikia akisema, kwa sauti ya upole ambayo yeye mwenyewe hakuisikia tangu harusi: “Ndiyo, mama. Kesho asubuhi, mama. Hapana shida, mama.” Mama yake Clément alikuwa kaburini mwaka wa kumi na moja.

“Baba Syntiche,” alimwambia siku moja alipomwona tena bila lori, “camion iko wapi?”

“Ku parking. Kule kuko sentinelle, analinda. Ndio maana nalala.”

“Na ile kelele ya moteur yenye ulikuwa unanihadisia kila siku?”

“Itaisha tu,” Clément alijibu, akaendelea kula.

Itaisha tu! Mtu huyu ambaye zamani kelele ya lori ilimnyima chakula siku tatu. Wivine akapiga hesabu yake ya kike na jibu likatoka moja: mwanamume aliyetulia namna hii ametulizwa na mtu.

Jirani yao Osée, ambaye kazi yake ni kuandika karatasi za forodha, ndiye aliyemaliza kazi bila kujua. “Mama Syntiche, camion yenu nayionaka sana kwa Mama Abigaël, kule Kampemba,” alisema wakisalimiana barabarani. “Akitoka Sakania, anaanzia kule.”

Wivine akamshukuru, akaingia ndani, akakaa juu ya kitanda. Alijiona mjinga, na ujinga ulimuuma kuliko wivu.

Siku ambayo Clément alitarajiwa kurudi, Wivine alivaa kitenge chake cha Pasaka, akafunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda mahakamani, akapanda teksi hadi Kampemba. Alikuta uwanja mpana wenye lango la chuma, magunia ya unga yamepangwa hadi juu, na chini ya bati mwanamke wa makamo, mnene, miwani puani, anapanga karatasi. Wivine alimtazama toka kichwani hadi miguuni. Alitegemea kitu kizuri zaidi.

“Jambo, mama,” alisema. “Mie ni bibi ya Clément.” Akangoja ule uso uanguke.

Uso haukuanguka. Ulichangamka. “Bibi ya chauffeur yangu? Karibu, mama. Ikala hapa.”

Dereva wake! Wivine akakaa. “Chauffeur yako?”

“Ee. Tangu mwezi wa pili. Ile camion, boîte ya vitesse, ile ya gia, ilikufa ku njia ya Sakania, bwana yako akakosa namna ya kutengeneza. Akaniuzishia. Akasema, mama, nunua, lakini uniache niendeshe. Nikaona ni sawa, anaijua kuliko bafundi bote.” Mama Abigaël alishusha miwani. “Haukujua?”

“Nilijua,” Wivine alisema haraka.

Hakujua lolote. Kiwanja cha baba yake kilikuwa kimekwenda arijojo, na yeye alikuwa akikipigia makofi mbele ya dada zake. Zile pesa zisizopungua hazikuwa faida. Zilikuwa mshahara. Mwanamke ambaye Wivine alikuja kumng'oa nywele ndiye anayemlipia Syntiche karo. Hasira zilimpanda, hazikujua pa kutua.

“Ni muzuri umekuja mwenyewe,” Mama Abigaël aliendelea, na sasa ilikuwa zamu yake kumtazama mwenzake kwa mashaka. “Mie naogopa bantu. Niko nanunua camion ya pili, ya nguvu, itafanya njia ya Kolwezi. Nataka kumupa yee, na mushahara itapanda. Lakini banasema muntu mwenye aliuzishaka gari yake, siku moja atalipiza ku gari yako. Wee unaishi naye. Niambie kweli. Naweza kumuaminia?”

Wivine alikuwa na jibu tayari, refu, alilolibeba toka nyumbani. Mtu huyu ni mwongo. Amekula urithi wangu akapangusa mdomo. Amenidanganya miezi saba bila kupepesa. Kila neno lilikuwa kweli, na neno moja tu lingetosha Clément arudi nyumbani mikono mitupu, bila lori, bila kazi. Akalimeza lote.

“Kwa gari,” alisema, “ndiyo.”

Mama Abigaël alicheka kidogo. “Ile ingine ni ya kwenu.”

Lango likafunguliwa, lori likaingia na vumbi lake la mwezi wa tisa. Clément akamwona mkewe ameketi pale. Akabaki ndani, mikono juu ya usukani, lori linanguruma.

“Zima, chauffeur, mafuta ya mazout inaungua,” Mama Abigaël aliita, na Clément akazima palepale. Akashuka, akampa funguo kwa mikono miwili.

“Ulifika salama?” Wivine alimuuliza.

“Salama,” Clément alijibu, akitazama viatu vyake.

Waliaga vizuri, wakatoka. Wivine alivumilia hadi lango lilipofungwa nyuma yao, na hatua kama hamsini zaidi.

“Kiwanja ya baba yangu,” alisema. “Miezi saba, Clément. Miezi saba niko nakusifu juu ya camion yenye haiko yetu. Sababu ya nini haukuniambia?”

Clément aliendelea kutembea kando yake.

“Nilikuja kukuambia,” alisema. “Ile siku ya mushahara ya kwanza. Niliweka franga ku meza, maneno yote ilikuwa mu kinywa. Ukahesabu. Ukaniangalia, ukasema, leo niko na bwana.” Alijipangusa vumbi usoni. “Miaka ine nilikuwa na camion, Wivine. Haukuniambiaka vile hata siku moja.”

Wivine alisimama pale kando ya barabara, akatafuta katika ile miaka minne siku moja tu ya kumjibu nayo, akaikosa.