Gari la Buluu Mbele ya Zahanati

Mvua ilikuwa imekatika punde tu, na mtaa mzima ulimeremeta kama uliopakwa mafuta. Fundi wa mapazia alikuwa akiuzunguka kwa mara ya tatu akitafuta mahali pa kuegesha gari. Kiti cha nyuma kilijaa mapazia meupe ya zahanati, aliyoahidi kuyatundika kabla ya saa sita. Kila upepo ulipoingia dirishani yalivimba taratibu nyuma yake, akajiona kama anaendesha wingu.

Watu wa mtaa walishaanza kumzoea. Muuza magazeti alimpungia mkono. Kinyozi, aliyesimama mlangoni pake bila mteja, alimtania kwamba akiendelea hivyo itabidi apangishiwe chumba hapo hapo. Mlinzi wa maegesho alitikisa kichwa tu: bado.

Mbele ya zahanati palikuwa na gari la buluu, na ndani yake, kwenye kiti cha abiria, mama mmoja mtu mzima aliyepakata mkoba. Fundi alikwisha kumuuliza mara mbili kama anatoka, na mara zote alijibiwa kwa upole kwamba dereva anasubiriwa. Safari hii uzalendo ulimshinda. Alisimama ubavuni, akashuka, akauliza dereva huyo atakuja saa ngapi.

"Haji, mwanangu," mama alisema. "Aliliacha hapa wiki tatu zilizopita, akaingia kwa daktari. Hakutoka kwa miguu yake."

Fundi alinyong'onyea. Mama akamweleza, bila machozi, kwamba huyo alikuwa mumewe. Watoto walitaka kumtuma mtu alichukue gari, yeye akakataa. Tangu matanga yaishe alikuja kila asubuhi kwa basi, akaketi upande wake, upande aliokaa miaka thelathini. Mlinzi, aliyekuja kumfukuza fundi, alisikia yote, akavua kofia.

Honi zilianza kulia nyuma. Mama akamgeukia fundi.

"Unajua kuendesha polepole?"

"Najua, mama."

"Basi nipeleke nyumbani. Nimechoka kukaa."

Fundi alimwachia mlinzi ufunguo wa gari lake, akaingia nyuma ya usukani wa la buluu. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma sana, miguu yake haikufika kwenye breki. Alisita kukigusa. Mama akainama, akakivuta mbele kwa mkono wake mwenyewe.

Betri ilikuwa imekufa. Kinyozi akaja kusukuma, na muuza magazeti, na bwana mmoja mwenye tai ambaye hakuna aliyemjua. Gari lilikohoa mara tatu, likashika. Wasukumaji wakabaki katikati ya barabara, viganja vimelowa, wakilitazama likienda.

Mama alikuwa akielekeza tu: kulia, kushoto, tena kulia. Walipita madimbwi yaliyobeba anga, wakapita duka la vitasa, kisha wakalipita tena. Fundi alitambua kwamba wanazunguka. Akaendelea polepole. Mbele ya nyumba moja ya njano mama alilia kidogo, halafu akacheka. Mumewe, alisema, hakuwahi kuipita nyumba ile bila kulalamika kwamba imejengwa ikiegemea upande.

Walipofika getini, mama hakushuka upesi.

"Nilimwomba anifundishe kuendesha. Kila siku alisema kesho." Akafungua mlango, akazunguka, akasimama upande wa dereva. "Nipishe nikae. Nionyeshe breki ni ipi."

Fundi akamwonyesha. Mama aliikanyaga kwa kiatu chake cha kanisani, mara moja, kisha tena kwa nguvu zaidi. Wakakubaliana Jumatano, asubuhi, kwenye uwanja wa shule.

Fundi alirudi kwa basi, saa nane imekwisha kupita. Gari lake lilikuwa limeegeshwa vizuri mbele ya zahanati. Muuguzi wa mapokezi alikuwa amenuna, na haki yake. Fundi aliomba radhi, akaomba na ngazi, akaanza na dirisha la barabarani.