Matanga ya Kasereka

Baraza la komini yetu lilipotangaza kwamba litaufikiria upya mkataba wa wale vijana waliofungiwa Katoyi, mimi nilipiga vigelegele pale sokoni Birere mpaka wateja wakageuka. Ujinga wangu huo. Nilidhani kufunga jela na kufungua mlango ni kitu kimoja.

Mkataba ulikuwa kati ya komini na serikali ya Kinshasa. Kinshasa italipa, komini itatoa ghala lake la zamani la kahawa, na humo watafungiwa vijana waliokamatwa njiani bila karatasi. Waliitwa wahamiaji. Wahamiaji kutoka wapi? Wengi walikuwa watoto wa Masisi na Rutshuru waliokimbia risasi, na karatasi zao ziliungua pamoja na nyumba. Lakini mtoto akisema Kinyarwanda mbele ya askari mwenye njaa, askari hana haja ya kumuuliza kwao. Yeye ndiye anamwambia kwao ni wapi.

Mmoja wao alikuwa Gisubizo, mtoto pekee wa Nyiramahirwe. Huyu Nyiramahirwe ni mjane wa Kitchanga ambaye kwa miaka mingi aliniletea fromaji, zile jibini za Masisi, nami nikaziuza pamoja na maharage yangu. Mimi ni Kanyere, Munande wa Butembo, na ulimi wangu unajulikana soko zima. Safari moja vita vilinifungia njia kule kwake. Akanipa kitanda chake, akalala chini na mwanawe mpaka barabara ilipofunguka. Nilipokataa alinicheka, akasema nyumbani mwake mgeni halali chini. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mgeni, analala chini ya hema kwenye kambi ya wakimbizi ya Bulengo, juu ya mawe ya volkano. Alimtuma mtoto kununua makala ya kupikia, mtoto akakamatwa kwenye kizuizi.

Kwenda kumdai hakuweza. Mama mwingine wa Bulengo alikwenda kumdai wake, akaulizwa kitambulisho, "Na weye, karte yako iko wapi?" Hakutoka tena siku hiyo. Basi Nyiramahirwe alikuwa akisimama ng'ambo ya barabara, anautazama ukuta wa ghala, kisha anarudi hemani. Roho iliniuma nilipomkuta pale, mwanamke aliyezoea kunigombeza nikipunja fromaji zake.

Nilikwenda kwenye kikao cha kwanza cha baraza. Burgumestre wetu, mkuu wa komini, papa Damien, alisema maneno mazuri kuhusu heshima ya komini. Alisema sisi si watu wa kufungia watoto wa watu. Watu wakampigia makofi. Kila mtu mle ndani alijua kwamba Kinshasa haikuwa imeleta kitu tangu zamani, na kwamba hiyo heshima ilikuwa imelala vizuri sana wakati Kinshasa inaleta. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ukiwekwa kichwani mwako unakumbuka ghafla kwamba una shingo.

"Tunavunja mkataba," papa Damien akasema. "Vijana tunabarudishia benyewe. Malori itakuja siku ya posho."

Nikauliza hiyo Jumamosi malori yatawapeleka wapi.

"Kwao, mama. Ngambo ya mpaka."

Gisubizo hakuwahi kuuvuka mpaka ule hata kununua chumvi. Nikasema hivyo, kwa sauti niliyo nayo. Papa Damien akanijibu kwa upole wa mtu ambaye amekwisha kuamua. Kijana atakayetambuliwa na mzazi mkaaji wa komini, mwenye karte, mbele ya baraza, ataachiwa. Wengine watapanda.

Mimi nina karte. Nilitoka pale nimekwisha kuwa na mtoto wa tatu.

Mlinzi mmoja wa ghala, Jephté, tunaimba naye kwaya parokiani. Nikamwambia, "Umuambie Gisubizo, siku ya kikao aseme yeye ni mutoto yangu, Munande, kijana wa tatu." Basi. Sikusema zaidi, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Munande tu anaweza kulifanya. Kwetu jina la mtoto halitafutwi, linafuata zamu. Kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ukishasema wa tatu umeshamtaja. Ningemfundishaje mtu kwamba baada ya mbili inakuja tatu? Lakini Jephté ni mtu wa Bukavu, na Gisubizo ni wa Kitchanga.

Siku ya kikao cha pili niliketi mbele. Wakamleta Gisubizo, amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Nilisimama nikasema huyu ni wangu, alilelewa na bibi yake Butembo, nikaonyesha karte yangu.

Katika baraza kuna mshauri mmoja, papa Fortunat, Munande wa Beni, jirani yetu wa Murara. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kila kitu kikae mahali pake, na wakati mwingine hao ni wabaya zaidi.

"Munande alishikwa pamoja na wahamiaji namna gani?" akauliza.

"Uulize askari aliyemushika," nikasema. Watu wakacheka kidogo.

Fortunat hakucheka. Akamgeukia mtoto. "Jina yako nani?"

Na mtoto, aliyeambiwa tu kwamba leo yeye ni Munande, akatafuta kichwani jina la Munande analolijua. Alimjua mmoja, msukuma chukudu, kile kigari cha mbao, aliyekuwa akibeba fromaji za mama yake.

"Naitwa Kakule," akasema.

Niliwaona Wanande wote wa chumba kile wakihesabu. Hatuwezi kujizuia.

"Mama Kanyere," Fortunat akasema polepole, "Paluku yako namujua. Kambale namujua, anachezaka na batoto yangu. Kasereka eko wapi?"

Kwetu mtoto akifa, zamu yake haichukuliwi na mwingine. Anabaki na nafasi yake, na anayefuata anapita. Kwa hiyo jibu lilikuwepo, moja tu, na kila mtu aliliona linakuja. Mimi sijazika mtoto. Mungu amenihurumia katika hilo tu, na mwanamke aliyehurumiwa hivyo halitamki hilo neno juu ya tumbo lake hata kwa utani. Mama yangu alikuwa akitupiga mdomoni tukiligusa. Niliwawaza Paluku wangu na Kambale wangu, wako shuleni wakati ule. Halafu nikamtazama Gisubizo. Hakujua alichokosea. Alikuwa ananitabasamia ili aonekane wangu.

"Alikufaka," nikasema. "Kule Butembo. Na homa."

Fortunat akainamisha kichwa. Kama angemsalimia mtoto kwa Kinande, uwongo wangu ungeishia pale, lakini mama aliyezika hahojiwi. Akasema pole, akaketi. Papa Damien naye akasema pole, akaweka sahihi, nikamshika mtoto mkono tukatoka. Machozi yangu watu waliyaelewa kwa njia yao.

Siku ya posho malori yalikuja mchana kweupe. Vijana wakapanda, na redio ikasema komini yetu imefuta aibu. Walipelekwa wapi hasa, kila mtu ana jibu lake, na papa Damien hana hata moja.

Kwangu mambo yalikuwa bado. Siku ile ya kikao, nilipomfikisha mtoto nyumbani, mume wangu Luc alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu.

"Umemuzika mutoto ambaye sikumuzaa?"

Nikamjibu, "Nimemutosha mu jela ule ambaye tungemuzika." Hakula jikoni mwangu siku hiyo. Sikumlaumu.

Na jioni jirani yetu Marie-Claire akaingia na sukari na sabuni, macho mekundu. Fortunat alikuwa amemwambia mkewe, na mkewe si mtu wa kufunga mdomo. "Miaka hii yote," Marie-Claire akasema, "ulibeba kilio peke yako, na sisi tuko hapa?" Kesho yake wanawake wa avenue nzima walikuwa uani kwangu. Walitandika mkeka, wakanikalisha. Walileta makala, wakapika chai, wakaimba. Wanaume walikaa karibu na mlango wa ua na Luc, Fortunat kati yao, na Luc akapokea pole za Kasereka mmoja baada ya mwingine, taya zimekaza. Ningewafukuza vipi? Niliketi kwenye mkeka ule nikiwa na hasira na Kinshasa, na komini, na hata na wema wa majirani zangu, maana kila pole ilikuwa inanisomea uwongo wangu usoni. Gisubizo alikuwa anapita na chupa ya chai. Walimwita Kakule, akaitika.

Hapo akaingia Nyiramahirwe.

Alitoka Bulengo kwa miguu, baada ya Jephté kumwambia mwanawe yuko kwangu. Hakuna aliyekuwa amemwambia la matanga. Aliona watu, akasikia wimbo, akashika mlango. Nilijua anachowaza na sikuweza kumpigia kelele, kwa sababu Fortunat alikuwa amegeuka kumwangalia huyu mwanamke wa kambini. Mtoto alimwona, akainuka. Nikawahi mimi.

"Kakule," nikasema, "mupe huyu mama chai."

Gisubizo akasimama katikati ya ua, chupa mkononi. Nyiramahirwe akamwangalia toka kichwani mpaka miguuni, akaniangalia mimi kwenye mkeka, na akaelewa yote. Ni mwanamke mwenye akili kuliko baraza zima. Akajongea, akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Aksanti, mutoto yangu," akasema, kama mama yeyote anavyomwambia mtoto yeyote. Kisha akaketi kando yangu, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti ambayo sisi wengine wote tulikuwa hatujaipata.

Wanawake wakasogea. Walidhani aliwahi kumbeba Kasereka wangu zamani, kwenye safari zangu za fromaji.

"Nyamaza, mama," Marie-Claire akamwambia, akimpapasa mgongo. "Kanyere, Mungu alimuachia batatu. Na weye, uko na batoto ngapi?"

Nyiramahirwe akafuta uso. Fortunat alikuwa bado anasikiliza. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya mama yake, chai inamwagika kidogo kidogo kwenye mguu wake.

"Nilikuwaka na moya tu," akasema.

Wote wakamwambia pole. Na Gisubizo, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama, akasema naye.

"Pole, mama."