Aliyebaki Chini ya Monserrate

Bwana Anselmo alikataa katakata kupanda. Tulikuwa tumebaki kanisani Jumatano, baada ya rozari, tunakusanya vipande vya mishumaa, nikamwambia kwamba Jumapili mwanangu atatupeleka Monserrate, kwenye kanisa la juu ya mlima, na kwamba naye angeweza kuja.

"Wewe panda na wanao, Bi Rosaura," akasema. "Mimi nitakaa chini. Wachumba hawapandi Monserrate pamoja, unajua mwenyewe. Wakipanda, hawaoani."

"Na mvi hizo bado unaogopa mambo hayo?"

"Kwa mvi hizi ndiyo naogopa zaidi. Nikikukosa wewe, nitampata nani tena?"

Nilicheka, lakini kusema kweli hata mimi niliogopa. Marehemu mume wangu, Misael, hakunipandisha kule mpaka tulipokwisha kufunga ndoa, na mama yangu vilevile alipandishwa baada ya ndoa, na mama yake pia. Hakuna mtu Bogotá anayesema anaamini jambo hilo, na hakuna anayelijaribu.

Basi tukapatana hivi. Nikiwa juu nitawaambia wanangu kwamba mimi na Bwana Anselmo tunataka kuoana. Nikishuka nitamtambulisha kwao. Kama nitashuka sijasema, nipite mbele yake bila kumsalimia; ataelewa, atarudi kwake Fontibón, na habari ya ndoa hatutaigusa tena. Sharti hilo la mwisho aliliweka yeye.

"Sitaki kuwa mtu wa kufichwa," alisema. "Kufichwa ni kwa vijana, wana nguvu ya kukimbia."

Jumapili yenyewe ilikuwa ya kumwombea Misael. Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na siku aliyofariki, mwanangu Edilberto huja kunichukua pamoja na mkewe Maryuri na binti yao Luz Dary, tukapanda kwa gari la kamba, lile linaloning'inia kwenye waya, tukasali misa, tukala, tukashuka. Siku hiyo naingoja mwaka mzima. Siku zilizobaki Edilberto hunipigia simu akiwa kwenye foleni ya magari, na foleni ikisogea simu inakatika.

Tulipofika kituo cha chini nilimwona Bwana Anselmo kabla hajaniona. Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mwanamke anayeuza obleas, zile kaki nyembamba za kupaka maziwa mazito ya sukari. Alivaa suti, tai na kofia yake ya kahawia. Hakuwa na mwavuli. Tulipopita aliangalia viatu vyake, nami nikaangalia tiketi. Bustani za maua tulizofanyia kazi ujanani, yeye upande wa mikarafuu na mimi upande wa waridi, zilikuwa na maelfu ya watu, na hatukuwahi kujuana. Sasa tunajuana, tunapitana kama wageni.

Ndani ya gari tulibanana. Luz Dary aligandisha pua kwenye kioo. Milango ikafungwa, ardhi ikatuachia, na mapaa ya mji yakaanza kuzama. Nikafumba macho.

"Mama, unaogopa?" Edilberto akauliza.

"Nasali."

"Gari lina breki, Mama. Mwache Mungu apumzike, leo Jumapili."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofumbua macho kofia ya kahawia ilikuwa ndogo kama punje ya kahawa, halafu sikuiona tena.

Kanisani jina la Misael lilisomwa haraka katikati ya majina mengine mengi. Baada ya misa nilikwenda kupiga magoti mbele ya Bwana Aliyeanguka, palipo na sanamu ya Yesu akiwa amelemewa chini, mkono mmoja ukimtegemeza. Nilimwambia: Bwana, wewe unajua inavyokuwa mtu kutaka kuinuka huku watu wanamtazama. Nipe mdomo. Sikuomba zaidi ya hapo.

Tulikula kwenye kibanda kilekile cha kila mwaka, tamali, ule unga wa mahindi wenye nyama uliopikwa ndani ya majani ya mgomba, na chokoleti ya moto yenye jibini ndani. Nilingoja Luz Dary amalize jibini lake.

"Edilberto, nina jambo la kuwaambia."

"Sema, Mama."

"Kwanza picha!" Maryuri akaruka. "Tazameni ukungu unavyokuja, dakika chache tu hatutaona hata pua zetu. Haya, simameni! Mama, futa chokoleti mdomoni."

Tukasimama kwenye ukuta, mji ukiwa nyuma yetu. Maryuri akamwomba mpita njia atupige.

"Subiri," Edilberto akasema. "Luz Dary, sogea huko. Acha nafasi ya babu."

Ndivyo tufanyavyo. Katika picha zote za Monserrate tangu Misael afariki, upande wangu wa kulia kuna pengo la mtu mmoja. Nyumbani nimezipanga juu ya kabati, na mgeni asiyejua hudhani kuna mtu aliyetoka kwenye picha kwenda kununua kitu.

"Haya, Mama, tunakusikiliza," Edilberto akasema baada ya picha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Chokoleti ya mwaka huu ni nzuri," nikasema.

Ukungu ukafunga, kisha radi ikaanza. Tukajipanga kwenye foleni ya kushuka. Radi ikiwa karibu magari husimamishwa mpaka ipite, kwa hiyo tukasimama tukiwa tumejikunyata, kila mtu na kikombe chake cha chai ya majani ya koka. Mimi nilikuwa nikimfikiria mtu asiye na mwavuli.

"Edi, mwambie mama yako lile wazo," Maryuri akasema.

"Tumeona upo peke yako mno, Mama," Edilberto akasema. "Tunataka kukuletea mbwa."

"Mbwa?"

"Mdogo. Asiyebweka."

"Asiyebweka wa nini? Kimya ninacho cha kutosha."

Maryuri akacheka mpaka akamwaga chai. Edilberto naye akatabasamu, akanifunga skafu vizuri shingoni kama mimi ndiye mtoto. Kwa muda ule nilitamani nisiseme kitu chochote, niletewe mbwa, mambo yaishe.

Hatimaye magari yakaanza kutembea. Tuliingia tukabanwa tena na wageni. Nje palikuwa peupe tupu. Nilijua kwamba tukitokeza chini ya mawingu nitaliona benchi, na kwamba baada ya hapo nitakuwa nimechelewa.

"Edilberto, kuna mtu ananisubiri chini."

"Mtu gani?"

"Bwana Anselmo Quecán, wa kikundi cha rozari. Tunataka kuoana."

Kila aliyekuwa ndani ya gari alisikia. Mwanamke aliyepakata chungu cha maua akakichunguza kana kwamba amekipokea sasa hivi. Nyuma mtu alianza kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Bibi ana mchumba?" Luz Dary akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kituoni.

"Leo, Mama?" Edilberto akasema polepole. "Siku ya baba?"

"Siku nyingine huji."

Akageukia kioo. Hakukuwa na cha kuona.

"Ni yule wa benchini mwenye tai?" Maryuri akaninong'oneza. "Nilimwona, nikasema huyu mzee ama anakwenda harusini ama kazikwa akafufuka."

Tulipofika chini benchi lilikuwa tupu, limelowa. Nilimwuliza muuza obleas, aliyejikinga chini ya turubai.

"Mzee wa kofia? Magari yaliposimama alimwuliza kila mtu kama walio juu wapo salama. Watu wana haraka, nani atamjibu? Akaingia njia ya kupanda mlima kwa miguu, lango likiwa karibu kufungwa. Nikamwita, mzee, mvua hiyo! Akasema ana mtu wake huko juu."

Nilipiga simu yake. Ilikuwa imezimwa, kama kila Jumapili, kwa heshima ya misa.

"Yesu wangu," Maryuri akasema. "Amepanda. Na wewe umepanda. Siku moja! Mama, ndoa hiyo imekwisha kabla ya keki."

"Hatukupanda pamoja."

"Mlima utajuaje?"

Nikageukia njia ya miguu. Mtu aliyekuwa anaogopa kuliko mimi ndiye aliyepanda.

"Twende, Mama," Edilberto akasema. "Mtoto analowa. Huyo bwana utamwona Jumatano."

"Nitamngoja."

"Na akishuka kwa gari la kamba?"

"Kote kunaishia hapa."

Alisimama pale maji yakimtiririka usoni. Nilidhani atanishika mkono anivute. Badala yake aliweka mwavuli wake kwenye benchi.

"Tutakuwa kwenye gari letu, ng'ambo," akasema. "Sijui kama nitaweza kushuka kumsalimia. Nakwambia ukweli."

"Sawa, mwanangu."

Wakaondoka, Luz Dary akigeuka kila mara kunitazama. Niliketi upande mmoja wa benchi. Mwavuli ulikuwa umelala pale pa mtu wa pili, nikauchukua, nikaufungua, sehemu ile ikabaki wazi. Mlima haukuonekana. Watu walitokeza kwenye njia mmoja mmoja wakiwa wamejifunika mifuko ya plastiki, na kila mmoja, kabla hajakaribia, alikuwa Bwana Anselmo. Akashuka mwanamke mwenye viatu mkononi. Wakashuka vijana wawili wakigombania kofia, nayo haikuwa ya kahawia. Nilimaliza rozari nikaanza nyingine.

Ng'ambo ya barabara taa za gari la Edilberto zilikuwa bado zinawaka.