Mtoto Asionekane Njiani

Mkwe wangu Kimosop ni bingwa wa kukaa. Nimeona wavivu wengi maishani mwangu, lakini huyu amekaa kitako mpaka kiti cha gari kimebonyea. Ukimsikia redioni akieleza habari za roho ngumu, utadhani ndiye anayekimbia. Anayekimbia ni binti yangu Jemeli. Yeye Kimosop humfuata nyuma kwa gari lililonunuliwa kwa miguu ya Jemeli, chupa ya chai katikati ya mapaja, mfuko wa mandazi pembeni, anapiga honi.

Ati kocha. Kocha wa nani? Mwenyewe alishiriki mashindano ya wilaya mara moja tu, akatoka njiani ameshika tumbo, na mpaka leo anasema alirogwa. Sisi tuliokuwepo tulimwona asubuhi hiyo akishindilia nyama ya mbuzi.

Haya yote nilikuwa nikiyasema moyoni. Kwetu mama mkwe hamfokei mkwe wake. Akija namsalimia kwa heshima, namwita Baba Jerono, namletea mursik, maziwa yetu ya mgando, naye anamaliza kibuyu kizima halafu anauliza kama kuna kingine.

Jerono, anayeniita Kogo, yaani bibi, ni mjukuu wangu, mtoto wao wa pekee. Alipoachishwa kunyonya, Kimosop alimleta kwangu na mfuko wa nguo.

"Mama," akaniambia, "mkimbiaji mwenye mtoto kichwani hashindi kitu. Kaa naye mpaka Jemeli aingie timu ya taifa."

Jemeli alisimama nyuma ya mumewe akitazama viatu vyake. Nilidhani ni mambo ya miezi michache. Timu ya kwanza ikampita, ya pili nayo ikampita, mtoto akaota meno yote, akajua kufukuza kuku na kunijibu jeuri, na mamake bado yuko kambini Iten anafundishwa ugumu wa roho na mtu anayelia akichomwa sindano.

Nyumba yangu iko kando ya barabara ile inayopanda kutoka bondeni kwenda Iten, chini kidogo ya Tambach. Huo mlima ndio mtihani wao. Kila baada ya wiki mbili Jemeli huteremshwa Biretwo, kule bondeni, alfajiri, kisha anaupanda mbio, na hana njia nyingine ila kupita langoni kwangu. Unadhani alikuwa akisimama? Ng'o! Kimosop alikuwa akinipigia simu mapema: "Mama, leo tunapanda. Mtoto asionekane njiani." Nami nampeleka Jerono nyuma ya nyumba. Tunasikia viatu vinapita, halafu honi, halafu kimya.

Mimi timu ya taifa haikuninyima usingizi. Kilichonitisha ni kwamba mtoto alikuwa anamsahau mamake. Krismasi Jemeli alikuja siku moja, na Jerono akampa mkono wa heshima, vile anavyompa pasta. Mtoto wa tumbo lake! Jemeli akacheka, lakini chapati yake hakuimaliza.

Basi wiki chache kabla ya mchujo wa timu, Kimosop akanipigia, sauti tamu kupita kiasi.

"Mama, kesho mtoto aonekane."

"Aonekane?"

"Mvalishe lile gauni jeupe, msimamishe langoni apunge mkono. Nakuja na mwanahabari wa runinga kutoka Nairobi, anatengeneza kipindi cha roho ngumu. Nataka nchi nzima ione Jemeli anampita mtoto wake bila kugeuza shingo."

"Na Jemeli anajua?"

"Aambiwe wa nini? Roho ngumu haipigiwi simu, Mama." Akacheka peke yake.

Nilikata simu nikatema mate. Mtoto wake wa kumzaa, amemfanya kizuizi cha barabarani! Lakini nikasema sawa, nchi si inataka kuona? Ione vizuri. Gauni jeupe nikaliacha sandukuni. Nikamvalisha Jerono sweta lake la kila siku, lile lililotoboka viwiko, na asubuhi nikamtoa langoni tukasimama.

Jemeli akatokea kwenye kona, amekonda, macho yako kwenye lami. Nyuma yake gari. Mwanahabari, msichana anayeitwa Nasimiyu, alikuwa ametoa kamera dirishani. Jemeli akainua uso, akatuona.

"Shingo mbele!" Kimosop akapayuka. "Shingo mbele, usilegee!"

Akapita. Nasema kweli, alitupita. Nikajisemea, basi, huyu mtoto ni wangu moja kwa moja. Halafu nikasikia viatu vimenyamaza. Jemeli alikuwa amesimama katikati ya barabara. Akarudi, akachuchumaa mbele yetu, jasho linamdondoka.

"Jerono," akasema. "Njoo."

Mtoto akaikamata sketi yangu kwa mikono miwili. "Kogo, mkimbiaji ananiita."

Mkimbiaji. Hilo ndilo jina alilompa, kwa sababu ndilo alilosikia kila mara honi ikilia: mkimbiaji anapita, njoo nyuma ya nyumba. Jemeli akaweka mkono mdomoni. Na msinifikirie vibaya, mimi sikumwonea huruma siku hiyo. Miguu ilikuwa yake, na lango langu halijawahi kuwa na kufuli.

Kimosop akashuka garini, jambo ambalo si la kawaida.

"Unafanya nini? Umebakisha kipande kidogo tu! Saa inakwenda!" Akamgeukia mtoto, akamnyooshea andazi alilokwisha kuliuma. "Jerono, njoo kwa baba. Mpungie mama mkono apate nguvu."

Mtoto akaangua kilio. Hapo heshima yangu ikaniisha.

"Baba Jerono, toka langoni kwangu."

"Mama?"

"Umenisikia. Miaka yote nimekuheshimu, na heshima yenyewe ulikuwa ukiinywa pamoja na maziwa yangu. Toka!"

Hakutoka. Halafu akafanya wanavyofanya waoga wote, akamrukia aliyezoea kumfokea.

"Ukikaa hapa, Jemeli, timu sahau! Bila mimi wewe ni nani? Hiyo roho ngumu ni mimi niliyekupa!"

Jemeli akasimama polepole. Akavua saa mkononi, akamtia kiganjani.

"Kama ni yako, basi itumie. Saa hiyo inakwenda. Kipande kilichobaki malizia wewe."

"Usinichezee."

"Kocha, tunarekodi," Nasimiyu akasema, na kamera ilikuwa imemwelekea yeye.

Na lile pumbavu, kwa kuwa kamera ilikuwa inalitazama, likakimbia! Haki ya Mungu, lilikimbia. Likafunga zipu ya koti, likajikohoza, likaanza kupanda, andazi bado mkononi. Vijana wa bodaboda waliokuwa wanateremka wakasimamisha pikipiki zao.

"Roho, kocha! Roho!"

"Shingo mbele!"

Hakufika hata kona ya kwanza. Aliinama ameshika tumbo, kama siku ile ya mashindano ya wilaya, na safari hii hakukuwa na mchawi wa kusingizia. Akarudi kwa mguu, hakumtazama mtu, akaingia kwenye gari akaondoka. Nasimiyu alikataa kupanda naye, akachukua bodaboda.

Jemeli hakwenda popote. Nilidhani atamnyakua mtoto, amkumbatie kwa nguvu, alie. Hakufanya hivyo. Aliketi kwenye ngazi ya mlango mchana kutwa, chai niliyompa ikapoa pembeni. Jerono akawa anazunguka na kuku wake, kila mzunguko anakaribia kidogo, mara anakimbia. Mimi nilimenya viazi na sikumsaidia yeyote kati yao.

Jioni, jua likiwa linaingia nyuma ya mlima, Jerono akasimama mbele yake.

"Mkimbiaji, gari lako limeenda."

"Nimeona. Acha liende."

"Sasa utalala wapi?"

"Hapa."

Jerono akakunja uso. "Kitanda ni changu na Kogo."

"Nitalala chini," Jemeli akamwambia.

Mtoto akafikiri. Akauangalia mlango, akaiangalia ile miguu iliyojaa vumbi, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kama lile blanketi la wageni lipo.